Dawa ya Waridi

Mwezi wa pili ulipokaribia kuisha, jua la mtaa wa Satellite lilikuwa kali kupita kiasi. Maji ya mfereji yalikuja mara mbili kwa wiki, na wiki nyingine yaligoma kabisa. Vumbi la barabara liliingia nyumbani bila kubisha hodi. Lornah alifagia asubuhi, akafagia tena mchana, na jioni vumbi lilikuwa limerudi pale pale.

Lornah na mumewe Obuya walikuwa wapangaji katika ploti ya mama mmoja aitwaye Waceke. Binti yao Beryl alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo walikaa wawili tu. Nyuma ya ploti kulikuwa na kipande cha ardhi, chembamba na kirefu, kati ya ukuta na mtaro. Waceke alimruhusu Lornah akilime.

"Bora kiote mboga kuliko kuota takataka," Waceke alisema.

Lornah akapanda sukuma wiki, spinachi na managu, yaani mnavu. Sukuma na spinachi walikula wao. Lakini mwenye managu hasa alikuwa Cucu, mama yake Waceke. Ploti nzima ilimwita Cucu, yaani bibi. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda, lakini kila siku mbili tatu alishuka na bakuli lake la plastiki, akafungua geti dogo la bustani na kujichumia mwenyewe. Hakuomba ruhusa. Lornah alikuwa amemwambia asiombe.

Mara nyingi waligombania jina la mboga hiyo.

"Haya ni managu yetu," Cucu angesema. "Nyinyi mmeyajulia hapa Nairobi."

"Cucu, hii ni osuga! Sisi tumeila tangu zamani, huko ziwani. Na nyinyi hamjui kuipika. Mnaichemsha tu, inabaki chungu. Osuga inataka maziwa, na ilale usiku mzima kwenye chungu."

"Rona, Rona! Maneno mengi!"

Cucu hakuweza kutamka Lornah. Ulimi wake ulikataa, likatoka Rona. Lornah hakujali. Mama yake mzazi alikuwa amefariki kabla Beryl hajazaliwa, na tangu wakati huo hakuna aliyemwita kwa sauti kama hiyo. Alimpenda Cucu. Hilo nalisema mapema, maana mbele kuna mambo yanayoweza kumfanya mtu adhani vingine.

Basi joto lile likaleta wadudu. Kwanza sukuma wiki ilikunjamana majani. Lornah alipoyageuza, aliona wadudu wadogo wa rangi ya kijivu, wamebanana hadi jani halionekani. Kisha managu yakaingia madoa madogo ya manjano. Chini ya majani kulikuwa na utando mwembamba, na ndani yake nukta nyekundu zilizotembea. Kila asubuhi hali ilikuwa mbaya zaidi.

"Tutakula nini?" Lornah alimuuliza mumewe. "Na Cucu nitamwambia nini?"

"Wacha stresi," Obuya alisema. "Nitakuletea dawa."

Obuya alikuwa mtunza bustani katika nyumba moja kubwa ya Spring Valley. Huko kulikuwa na maua ya waridi mengi, na kampuni fulani ilikuja kuyapulizia. Siku hiyo walipomaliza, walirudisha kopo stoo likiwa bado na dawa kidogo. Obuya akamimina kiasi katika chupa ya soda, akaifunga vizuri na kuitia mfukoni. Hakujiona mwizi. Alijiona mume mwema. Alikuwa ameona waridi za tajiri wake zikisimama imara, akawaza mbona mboga za mke wake zisisimame hivyo hivyo.

Jumamosi jioni alichanganya dawa ile na maji katika ndoo. Alipima kwa kizibo, kwa kukisia. Kisha akachovya ufagio wa matawi na kunyunyizia bustani yote, sukuma, spinachi na managu. Harufu yake ilikuwa kali, Lornah akapiga chafya.

Cucu alikuwa ameketi kwenye stuli yake nje ya mlango.

"Rona, huyu bwana yako anabariki mboga?" aliuliza.

Lornah akacheka. "Hapana, Cucu. Zilikuwa zinaumwa. Tumezitia dawa."

"Zitapona?"

"Zitapona."

"Basi Mungu ni mwema," Cucu akasema.

Hayo ndiyo maneno yote waliyosema. Lornah aliyarudia kichwani mara nyingi baadaye, na kila mara hakuona neno la uongo ndani yake. Alimwambia Cucu ukweli. Alimwambia ni dawa.

Jumapili asubuhi Lornah na Obuya walikwenda kanisani. Cucu akashuka na bakuli lake. Alikuwa amesikia mboga zimetiwa dawa, na katika maisha yake yote kitu kilichotiwa dawa kilikuwa kimepona, hakikuwa hatari. Akachuma managu. Akayaosha vizuri sana, kwa maji mawili, kisha akayachemsha na kuyala na ugali mdogo. Alikula peke yake, maana Waceke hakupenda managu. Uchungu wake ulimshinda tangu utotoni.

Lornah aliporudi kutoka kanisani alikuta watu wamejaa mlangoni pa Waceke. Cucu alikuwa amelala kwenye mkeka. Jasho lilimtiririka, mate yalimtoka mdomoni bila kukoma, na alikuwa ametapika. Alisema haoni vizuri. Miguu yake ilikuwa imelegea.

"Mpeni maziwa!" jirani mmoja alipiga kelele. "Maziwa yanaua sumu!"

"Sumu gani?" Waceke aliuliza. "Mama amekula tu managu!"

Lornah akapenya katikati ya watu. Hakuna aliyehitaji kumweleza.

"Mama Ken," alimwita Waceke kwa jina la mwanawe, kama alivyozoea. "Tuite teksi. Sasa hivi. Zile mboga tulizitia dawa."

Waceke alimtazama. Akachukua simu.

Hospitalini daktari aliuliza jambo moja, akalirudia.

"Ni dawa gani?"

"Ya wadudu," Lornah alisema.

"Ndiyo, lakini gani? Ziko nyingi, na matibabu yake si sawa. Inaitwaje?"

Obuya, aliyekuwa amebaki nyuma kuitafuta ile chupa ya soda, akafika akihema nayo mkononi. Daktari akaitazama, akaigeuza. Ilikuwa imeandikwa jina la soda.

"Hii hainiambii kitu, mzee. Tumeanza kumtibu kwa dalili tunazoziona. Lakini nikijua jina, sitapapasa. Ulitoa wapi?"

Obuya akainamisha macho kwenye chupa. Lornah alijua anachofikiria. Kopo lilikuwa stoo kule Spring Valley. Ili jina lipatikane, mtu wa pale angelazimika kufungua stoo na kupiga picha lebo. Hapo tajiri angejua kwamba mtunza bustani wake alichukua kitu bila ruhusa. Na kazi ile ndiyo iliyomsomesha Beryl.

"Obuya," Lornah alisema polepole. "Piga simu."

Akapiga. Alimpata mpishi wa nyumba ile, akamwomba, na alipoulizwa sababu hakudanganya. Baada ya muda picha ya kopo ikaingia kwenye simu. Daktari akasoma lebo yote, hata maandishi madogo.

"Sawa," alisema. "Sasa najua ninapigana na nani." Akageuka kuondoka, kisha akasimama. "Na wakati mwingine, Mungu aepushe, mkija hapa mje na kopo lenye lebo. Msimpe mgonjwa maziwa, wala msimlazimishe kutapika. Mleteni tu, haraka."

Cucu hakufa. Lakini alikaa wodini muda mrefu, na aliporudi nyumbani hakuwa yule yule. Mikono yake ilitetemeka. Alikula kidogo, akazungumza kidogo zaidi. Stuli yake ilibaki nje ya mlango, haina mtu.

Obuya hakuitwa tena kazini Spring Valley. Alianza kwenda Dagoretti Corner alfajiri kutafuta kibarua cha mjengo. Siku nyingine alipata, siku nyingine alirudi na mikono mitupu na kukaa kitandani akitazama ukuta.

"Nilitaka kukusaidia tu," alimwambia Lornah siku moja.

"Najua," Lornah alijibu.

Waceke hakuwafukuza. Pengine angewafukuza ingekuwa nafuu. Alinunua kufuli kubwa akalifunga geti la bustani, na tangu hapo alipopishana na Lornah uani alisema "habari" na kupita. Lornah alipopeleka uji wa Cucu, Waceke aliupokea mlangoni, akashukuru, na baadaye Lornah akauona umemwagwa mtaroni.

Uji ule ulimliza kuliko yote. Alilia akifua nguo, wapangaji wengine wakajifanya hawaoni.

Kupitia matundu ya geti, Lornah aliona ajabu nyingine. Wadudu wa kijivu kwenye sukuma walikuwa wamekufa. Lakini managu yalikuwa yameharibika zaidi kuliko mwanzo. Utando uliyafunika mpaka juu. Dawa ile iliyomwangusha Cucu haikuwa imezigusa zile nukta nyekundu.

Waceke aliogopa udongo wenyewe. Aliogopa kuku wa jirani, aliogopa watoto wa ploti. Ndipo akampigia simu bwana shamba wa wadi.

Bwana shamba huyo alikuwa mwanamke. Jina lake Wavinya. Alikuja na gambuti miguuni na kofia pana, na sauti yake ilimtangulia getini.

"Hodi! Mimi ndiye bwana shamba. Msinitazame hivyo, hata mume wangu ananiita bwana!"

Hakuna aliyecheka. Wavinya akatazama uso wa Waceke, akatazama na wa Lornah aliyesimama mbali kidogo, akaacha mzaha. Aliomba aelezwe yote. Waceke akaeleza, kwa hasira. Lornah akaeleza pia, hata lile la ufagio na kizibo.

"Na Cucu aliziosha," Waceke alisema. "Maji mawili! Mbona sumu haikutoka?"

"Kwa sababu si uchafu wa juu, Mama Ken. Kuna ingine inaingia ndani ya jani. Unaweza kuosha mpaka ukucha utoke, haitoki. Inataka siku zake iishe nguvu. Hizo siku zinaandikwa kwa lebo. Lakini hiyo ilikuwa ya maua. Ya maua hata siku za kungoja hawaandiki, kwa sababu nani anakula waridi?"

Lornah akasema kwa sauti ndogo, "Nilimwambia Cucu tumeweka dawa. Nilimwambia."

Wavinya akamgeukia.

"Na hapo ndipo shida ilianza, mama. Hilo neno. Sisi wote tunaita dawa. Mtoto akikohoa, dawa. Kupe kwa ng'ombe, dawa. Panya, dawa. Sasa shosho wa miaka yake akisikia mboga imepewa dawa, atafikiria nini? Imepona! Mimi niliacha. Kwangu hiyo kitu naita sumu. Ungemwambia, 'Cucu, tumemwaga sumu hapo,' angechuma?"

"Hapana," Lornah alisema.

"Hangechuma."

Waceke alikuwa akisikiliza huku mikono ameikunja kifuani. Taratibu mikono ikashuka. Hakuwa amewahi kujua ni maneno gani mama yake aliambiwa jioni ile. Hakuwa ameuliza.

Wavinya akaomba ufunguo. Waceke akafungua kufuli. Wakaingia wote watatu, na bwana shamba akaligeuza jani la managu.

"Mnaona hizi nukta nyekundu? Huyu ni utitiri. Si mdudu kama wale wengine, ni jamaa ya buibui, ndiyo maana anafuma. Anapenda jua, ukavu na vumbi. Hapa mmemwekea harusi. Na sumu nyingi za wadudu hazimwezi."

"Lakini amezidi tangu tunyunyize," Lornah alisema.

"Lazima azidi. Mliua askari waliokuwa wakimzuia." Wavinya akachutama, akatafuta kwenye magugu ya mtaroni, nje ya pale palipopuliziwa. Akarudi na kadudu kadogo kwenye kidole, kekundu, kenye madoa meusi mgongoni. "Haka kanakula hawa wa kijivu, vidukari, asubuhi mpaka jioni. Na kuna wengine wadogo zaidi wanakula utitiri. Ukimwaga sumu kila mahali, hao ndio wanaotangulia kufa. Utitiri unabaki peke yake na sahani."

"Kwa hivyo tufanye nini?" Waceke aliuliza. Lilikuwa swali la kwanza alilouliza bila hasira.

Wavinya akawaambia waanze na kung'oa mboga zote zilizonyunyiziwa, wakiwa na glavu, na kuzifukia. Zisipewe kuku wala ng'ombe. Kipande kile kipumzike, kimwagiliwe na kulimwa mpaka mvua ya masika ishike, kisha wapande miche mipya.

"Na wadudu wakirudi?" Lornah aliuliza.

"Watarudi, hiyo usijidanganye. Lakini utawakuta wachache, kwa sababu utakuwa unaangalia. Geuza majani kila asubuhi, uangalie upande wa chini, wanakojificha. Jani lililojaa, kata, funga kwa mfuko, tupa mbali. Wengine waoshe kwa maji, ukielekeza chini ya jani. Utitiri unachukia maji."

"Maji hapa ni shida," Waceke alisema.

"Ya kuoshea mchele yanatosha. Ya kusuuzia mboga. Vidukari wakikataa, weka kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji. Jaribu kwa majani mawili kwanza, ngoja hadi kesho yake, usije ukaunguza. Nyunyiza jioni, jua likishalala, na asubuhi suuza. Na hii njia yenu ya vumbi muimwagie maji mabaki. Weka nyasi kavu juu ya udongo, usikauke. Na ikitokea siku moja lazima ununue sumu, nunua duka lenye leseni, ndani ya kopo lake, ya mboga, na usome siku za kungoja. Kitu cha kupimiwa kwa chupa ya soda, kataa. Hata kama ni mume wako amekuletea kwa mapenzi."

Lornah akainamisha kichwa.

Waceke alimsindikiza Wavinya hadi barabarani. Aliporudi alisimama mbele ya Lornah.

"Anza upya, Mama Beryl," alisema. "Kufuli nitatoa. Lakini mama yangu hatakula kutoka hapa. Usinielewe vibaya. Siwezi."

"Nimeelewa," Lornah alisema.

Mvua ikanyesha. Lornah na Obuya waling'oa, wakafukia, wakalima, wakapanda. Kila asubuhi kabla ya kufagia Lornah aliingia bustanini na kugeuza majani moja moja. Vidukari walirudi kweli, akawaosha kwa sabuni. Obuya alitoboa kizibo cha chupa ya maji ili kinyunyize vizuri chini ya majani. Kisha akachukua kipande cha mbao na rangi, akaandika kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA SUMU. Akakitundika getini. Hakuna aliyemwambia aandike.

Managu yakasimama. Yalikuwa na matundu hapa na pale, si ya kupigwa picha, lakini yalikuwa mabichi na laini. Lornah aliyachuma na kuwapa majirani. Wengine walipokea. Wengine walisema asante, tuna mboga leo. Kwa Waceke hakupeleka.

Jumapili moja mchana mlango wa Lornah uligongwa. Alikuwa Waceke, ameshika bakuli la plastiki la Cucu.

"Mama hali chochote," Waceke alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Tangu jana. Nimempikia kuku, amekataa. Nimemuuliza anataka nini. Amesema osuga."

Lornah hakusikia vizuri. "Amesema managu?"

"Amesema osuga. Na maziwa. Ilale kwa chungu."

Walichuma pamoja. Lornah aligeuza kila jani ili Waceke aone mwenyewe. Aliyaosha mbele yake, akayapika mbele yake, akatia maziwa, na chungu kikalala usiku ule nyumbani kwa Waceke. Asubuhi Lornah akala kwanza, kijiko kizima, akameza. Waceke akanyoosha mkono.

"Wewe huipendi," Lornah alisema.

"Nipe."

Waceke, ambaye uchungu wa managu ulimshinda tangu utotoni, akala. Akakunja uso, akameza, akala tena. Kisha wakaingia chumbani.

Cucu alikuwa ameegemea mto. Waceke akamlisha, maana mikono yake haikuweza kushika kijiko. Alitafuna polepole sana. Lornah alibaki mlangoni, hakuthubutu kusogea. Muda wote tangu hospitalini Cucu hakuwa amemwita jina, na Lornah hakujua kama amesahau au hataki.

Cucu akameza. Akainua macho na kutazama mlangoni.

"Rona," alisema. "Chumvi ni kidogo."

Lornah akaenda kuleta chumvi.